Kaseti Haina Binti

Neno la kwanza lililonitoka baada ya kupooza lilikuwa "chumvi". Nilitaka kusema maji. Mke wangu alikuwa ameniinamia, kikombe mkononi, midomo yangu imekauka, na akilini mwangu maji niliyaona kabisa, yapo kwenye mtungi pale karibu na mlango. Nikafungua kinywa ikatoka chumvi. Nikajaribu tena, chumvi. Maskini, akaenda akaniletea chumvi kwenye kisahani. Nikalia mbele yake, mtu mzima mwenye ndevu.

Ninayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ameketishwa kwenye mkeka, anaelewa kila kinachosemwa juu yake na hawezi kujibu. Mambo ya mishipa ya kichwani siyajui, kamuulize daktari. Mimi ninachokijua ni benchi la kusubiria, udenda, na aibu. Aibu ndiyo naijua kuliko vyote, kwa hiyo nikiirudiarudia nivumilie.

Naitwa Athumani. Mimi na kaka yangu Shabani tulikuwa na duka mjini Sumbawanga, na lori moja lililokuwa likienda Kasesya mpakani likinguruma na kurudi likivutwa. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, bidhaa zimeadimika, sabuni ikiingia mjini watu wanajua kabla dereva hajazima injini. Nilianguka dukani nikipima chumvi, gunia la mwisho, foleni imefika barabarani. Ulezi ulikuwa umekwisha kuvunwa na upepo wa baridi umeanza. Ninachokumbuka ni kopo la kupimia likinitoka mkononi, na mama mmoja kwenye foleni akipiga kelele, "Jamani, anaimwaga!" Simlaumu. Hata mimi ningeanza kuiangalia chumvi.

Walinipeleka hospitali ya misheni nikiwa nimelazwa nyuma ya lori juu ya magunia. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na uso umevutwa upande. Nilipoweza kuketi, nikaanza maisha ya benchi. Wagonjwa walikuja alfajiri wamejifunika mablanketi, wengine wametembea kutoka vijiji vya mbali, na sote tulikaa tukitazama mlango mmoja. Udenda ulinishuka kidevuni na sikuusikia mpaka ulipofika kifuani. Kinamama wawili pembeni yangu walizungumza kwa Kifipa kwamba huyu ametupiwa kitu na wafanyabiashara wenzake, biashara ina wivu. Kifipa nakielewa vizuri, maana mwenye duka asiyejua Kifipa mjini kwetu anawauzia nzi. Nikataka kuwaambia kwamba nimesikia. Nikawageukia nikasema, "Chumvi." Wakahama benchi.

Daktari akauliza, "Unaitwa nani, mzee?"

"Anaitwa Athumani," kaka Shabani akajibu.

"Unaumwa wapi?"

"Upande wote huu, daktari. Na kichwa. Na usingizi hapati."

Usingizi nilikuwa naupata. Lakini ndivyo tulivyoanza, na ndivyo tulivyoendelea. Kaka ni mtu mwema, nisije nikaeleweka vibaya. Alininyanyua, akanivusha mto mgongoni, akaniogesha siku mke wangu alipokuwa na homa. Ila alikuwa na haraka, na neno langu lilikuwa linachelewa. Nikifungua kinywa tu, yeye ameshamaliza. "Athumani anasema mtamwona kesho." "Athumani anasema ameshiba." Mimi sikuwa nimeshiba, na niliona haya kubisha, kwa sababu kubisha kungetoka chumvi.

Nyumbani waliniweka kwenye kigoda nje ya duka nipate jua. Hapo ndipo nilipoiaibisha familia. Watu walipita wakanisalimia, nami nikawaitikia kwa neno langu. Mmoja akasimama. Wa pili akaja na kikapu. Kabla ya adhuhuri palikuwa na foleni hadi kwenye kona, maana chumvi haikuwa imeonekana mjini kwa muda mrefu, na mwenye duka mwenyewe amekaa mlangoni anaitangaza. Mke wangu Mwajuma akatoka akawaapia kwamba haipo. Wakasema, basi imefichwa. Siku zile kuficha bidhaa halikuwa jambo la utani. Mgambo wakaja wakaomba kuona ghala, wakapekua kwa adabu zote, wakakuta magunia matupu na paka. Mkubwa wao aliponiona nilivyo, akavua kofia. Heshima ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Tangu siku hiyo nilikataa kukaa nje, nikakaa chumba cha ndani na dirisha limefungwa.

Nina binti mmoja, Rehema. Kabla sijaanguka alikuwa ameshaposwa na kijana mmoja wa Mpanda aitwaye Idi, fundi wa magari, kijana mtaratibu. Ndoa ikaahirishwa hadi mavuno ya mwaka uliofuata, ili nipate nafuu. Sasa, watu wengi humwachia sheikh aozeshe. Kwetu hapana. Marehemu baba alituachia desturi hiyo: dada zetu wote aliwaoza kwa kinywa chake mwenyewe, ameshikana mkono na mkwe, na alikuwa akisema kwamba mtoto hatolewi nyumbani kwa mdomo wa kuazima. Kaka aliwaoza wa kwake vilevile. Siku moja nikiwa chumbani mle nilimsikia kaka akimwambia Rehema kule uani asihofu, yeye ndiye atakayesimama. Rehema akasema, "Baba mkubwa, nakuheshimu. Lakini wewe ukiniozesha na baba yupo hai, mimi nitajiona nimeozwa yatima."

Nilijigeuza nikaelekea ukutani. Binti amenitaka neno moja tu maishani, na mimi sina.

Mvua zilipoanza nikawa napelekwa kliniki ya presha na mazoezi ya mkono. Mazoezi yalikuwa chini ya Sista Winfrida, mzungu mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo. Asubuhi moja nilikuwa benchini peke yangu nikisikia sauti chumbani kwake. Sauti ya mwanamume inauliza jambo kwa lugha nisiyoijua, kisha kimya, kisha sista anajibu. Anaanza, anakwama, anarudi nyuma, anajaribu tena, anakwama palepale. Nikacheka. Tangu niugue nilikuwa sijacheka, na kicheko chenyewe kilitoka kimepinda. Mlango ukafunguliwa. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Umenisikia," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Vizuri. Basi ingia unisikie vizuri."

Mezani kulikuwa na kinasa sauti cha kaseti. Akanieleza kwamba kwao panaitwa Welisi, ni nchi ya milima na mvua, na wana lugha yao ya zamani. "Bibi yangu aliisema. Mama yangu aliionea haya, kwa sababu Kiingereza ndicho kilikuwa cha watu wakubwa. Mimi nikakua bila. Sasa nimezeeka ndiyo najifunza." Mwalimu wake alikuwa huko kwao. Alimtumia kaseti zenye majaribio: eleza hali ya hewa ya huko uliko, mkaribishe mgeni, gombana na muuzaji. Sista alitakiwa kujibu kwa mdomo, bila kuandika, ajinase, na kaseti irudi kwa posta. Kuna masharti mawili. Ukishaanza huzimi mashine, hata ukikwama. Ukimaliza hufuti, ila unajisikiliza mwenyewe mpaka mwisho.

"Hilo la pili ni baya," akasema. "Nikijisikia natamani kuingia chini ya meza. Wewe utafanya pamoja nami. Jaribio la kwanza: mgeni ameingia nyumbani kwako. Mkaribishe."

Akabonyeza. Mashine ikaanza kuzunguka. Nilijua karibu, nilijua kaa kitako, nilijua habari za huko. Nikatoa jasho na baridi yote ile. Likatoka la siku zote, chumvi. Sista hakuzima. Nikajaribu na kujaribu, mara nikasikia, "Ka... kari..." Kisha akanisikilizisha. Wewe unayesoma, kama hujawahi kujisikia namna hiyo, jiandae. Nilimsikia mlevi. Nilimsikia mtu ambaye mimi mwenyewe nikiwa dukani ningemwambia mke wangu amwondoe mlangoni. Kumbe ndiye huyu ambaye Rehema anamsikia kila siku na anakaa naye kula. Nikafunika uso kwa mkono mzima.

"Mimi bado sijasema wangu," akasema Sista, akageuza kaseti, akamkaribisha mgeni wake kwa lugha ya bibi yake. Alikwama mara nyingi kuliko mimi.

Basi tukawa wanafunzi wawili. Mvua zote zile nilibebwa kwenda kwake, na barabara ilipokatika alinikopesha kinasa nikae nacho nyumbani. Shida ilikuwa betri. Betri mpya hazikupatikana, kwa hiyo Mwajuma alizianika juani kwenye ungo pamoja na dagaa, akizifukuzia kuku. Zikipata jua zilifufuka kidogo, zikazungusha kaseti kwa uvivu, kisha zikafa tena. Jirani alimuuliza kama siku hizi tunakula betri.

Majaribio yaliendelea. Eleza njia ya kwenda Kasesya. Muuzie khanga mteja mbishi. Hapo Mwajuma ndiye alikuwa mteja, na alinibishia kweli, mpaka nikamwambia, "Toka du-kani." Akaangua kicheko, akaketi sakafuni, akalia. Alikuwa amekonda. Mimi nilikuwa nimeshughulika sana na aibu yangu hata sikuwa nimeona kwamba mwenzangu amekonda, ananifua, ananilisha, na hana wa kumwambia kwamba amechoka. Jioni ile nilimuuliza, kwa muda mrefu wa kutafuta maneno, "Na... wewe... umekula?" Ni swali fupi. Nakushauri ulifanyie mazoezi mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Huruma nyingine zilikuja bila kuitwa. Mteja wetu wa zamani kutoka Milepa, kule bondeni, alipanda mlima na kambale mkavu, akamweka kwenye jamvi langu, akakaa kimya nami hadi alipoaga. Hakuniuliza kitu. Kukaa na mtu asiyekuuliza kitu ni dawa.

Halafu likaja jaribio la kukataa. Sista alisema, "Mtu anakupa kitu, hukitaki. Kataa kwa heshima." Nilijinasa mara kadhaa, nikalipata. Siku iliyofuata kaka aliingia na wageni, akawaambia, "Athumani anasema mumsamehe, amechoka, anataka kulala."

"Si-taki," nikasema.

Kaka akageuka. "Hutaki nini, mdogo wangu?"

"Ku-semewa."

Wageni wakatazama dari. Kaka akatoka, na siku nyingi zilipita akiwa ananisalimia tu kwa adabu. Nilijiona mtovu wa fadhila. Mtu aliyenibeba mgongoni nimemwaibisha mbele za wageni kwa neno la kwanza la maana nililopata.

Mahindi yakakauka, yakavunwa, baridi ikarudi. Wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja. Nilikuwa sasa natembea kwa fimbo na naweza kusema mengi, polepole, nikiwa na mke wangu au sista. Mbele ya watu ilikuwa habari nyingine. Nilijifunza maneno ya kuozesha usiku na mchana, "Nimekuoza binti yangu Rehema kwa mahari tuliyokubaliana," na kila nilipofikiria sebule imejaa kanzu, yalitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

Ndipo nikapata wazo, na wazo lilikuwa langu, nisimsingizie mtu. Nilijinasa. Nilirudia mpaka nikapata mara moja iliyotoka yote, bila kukwama. Mwajuma alisema, "Baba Rehema, umemuuliza sheikh?" Nikamwambia neno ni neno, liwe limetoka leo au jana. Sista sikumwambia. Nilijua angesema nini.

Kaka nilimwambia, maana nilimhitaji wa kubonyeza. Alifurahi, nadhani kwa sababu nimemrudia. Na kwa kuwa ni mtu asiyependa jambo la nusunusu, akatuma dereva wetu kununua betri mpya upande wa pili wa Kasesya, ili siku ya ndoa mashine isitutie aibu.

Siku ikafika. Sebule ilijaa, wazee wa Mpanda wamekaa upande mmoja, sisi upande mwingine, na pazia la chumba cha wanawake limeshushwa, Rehema yuko nyuma yake. Sheikh akasoma hotuba. Idi akakaa mbele yangu, tukashikana mikono, nami nikampa wa kushoto kwa sababu wa kulia haushiki. Sheikh akasema, "Mzee, ozesha." Nikampa kaka ishara. Kaka akabonyeza.

Ikatoka sauti ya kifaranga. Nyembamba, mbio, "nimekuozabintiyanguRehema," ikaisha kabla mtu hajaelewa. Betri. Nilikuwa nimejinasa kwa zile za kuanikwa, zilizozungusha kaseti kwa uvivu, na sasa zile mpya zilikuwa zinaikimbiza. Mtu upande wa Mpanda akashindwa kujizuia, na sebule nzima ikacheka. Hata nyuma ya pazia walicheka. Damu ilinipanda usoni, ule upande mzima na ule uliokufa.

Sheikh hakucheka. "Zima hiyo. Kaseti haina binti."

Kaka akasema haraka, "Sheikh, mdogo wangu ni mgonjwa. Basi mimi niwe wakili wake. Ataitikia kwa kichwa."

"Asiyeweza kusema, ishara yake tunaipokea," sheikh akasema. "Lakini huyu si bubu. Tumemsikia sasa hivi, tena anasema mbio kuliko mimi." Akanigeukia, akashusha sauti. "Athumani. Unaweza, au huwezi?"

Nilitaka sana kutikisa kichwa kwamba siwezi. Kingetikisika mara moja, tukala pilau. Nikalitazama pazia.

"Na-weza," nikasema. "Ila... mnisu-biri."

Wakasubiri. Nikaanza. "Nime..." Udenda ukashuka, nikausikia, nikauacha. "Nimeku-oza." Mkono wa Idi ulikuwa na jasho kama wangu. "Bi... binti. Yangu." Halafu jina. Jina halikuwepo. Nilimwona mtoto mwenyewe, nilimwona amezaliwa, nilimwona amebeba daftari anakwenda shule, na pale panapokaa jina lake pakawa patupu. Nikafungua kinywa nikakifunga. Mzee mmoja akakohoa.

Nikamtazama kaka. Mwaka mzima nilipokwama alikuwa hapo, na sasa jina lilikuwa tayari mdomoni mwake, niliona midomo ikilishika. Nami niliyemkatalia mbele za wageni nilimwomba kwa macho: sema. Sema wewe. Kaka akapeleka kiganja akajiziba mdomo. Akakikandamiza hapo, machozi yakimpita juu ya vidole, na hakusema.

Sijui ilichukua muda gani. Hakuna aliyenisaidia. "Re," nikasema mwishowe. "Rehe-ma. Kwa mahari... tuli-yokubali-ana."

"Nimekubali kumuoa Rehema kwa mahari hayo," Idi akajibu kwa pumzi moja, kijana wa watu.

Vigelegele vikapaa nyuma ya pazia. Kaka akachukua leso yake, akanifuta kidevu na kifua mbele ya wakwe wote, nami nikakaa nimenyoosha shingo kama mtoto, uso unawaka. Ile leso ilitosha.

Wakaniongoza chumba cha ndani kumpa binti baraka. Wanawake wakatupisha. Rehema alikuwa ameketi kitandani amefunikwa, akafunua uso, wanja umemchafukia mashavuni.

"Shikamoo baba."

"Mara... haba."

"Baba, pale uliponyamaza," akasema, "ulikuwa umenisahau jina?"

Kudanganya kunahitaji maneno mengi, na mimi sikuwa nayo. Niliinamisha kichwa. "Ndiyo," nikasema.

Akaushika ule mkono wangu uliokufa, akauweka kwenye mapaja yake.

"Nilikusikia ukilitafuta," akasema.